Mfumo unasuasua? Weka kibodi pembeni, shika saa kwanza

Kila msimu wa matokeo ya mitihani simu ya kitengo chetu cha TEHAMA haipumziki, mfumo unasuasua, ukurasa unazunguka tu, na kabla hata sijakaa kwenye kiti kuna kijana wa timu ameshafungua kodi (ya programu jamani, sio ile ya TRA) ananiambia "mzee nahisi ni databesi, ngoja niweke kache", yaani nakala ya data iliyowekwa karibu isitafutwe upya kila mara. Sasa hilo neno nahisi ndo linanitisha kuliko mfumo wenyewe. Umehisi, sawa, umepima? Bado. Basi funga hiyo kodi kwanza.

Nitumie kisa ambacho kilishawekwa hadharani. Gemu ya GTA Online ya Rockstar ilitoka 2013, na kwa miaka wachezaji wa kompyuta walikuwa wanalia kwamba ukiifungua una muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Mwaka 2021 programa mmoja tu, sio mfanyakazi wao wala hana kodi yao, akaamua kuichungulia. Angalia alivyoenda. Kwanza alishika saa, kwenye mashine yake ikawa kama dakika 6. Halafu akaangalia kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha nani anakula nini, akakuta diski imetulia, mtandao umetulia, ila kori moja ya prosesa (prosesa ndo ubongo wa kompyuta, kori ni mfanyakazi mmoja ndani yake) imebanwa mpaka mwisho kwa dakika kadhaa. Hapo tu visingizio vya "intaneti mbovu" na "nunua diski mpya" vimekufa. Ndo akaleta profaila, yaani programu inayoichungulia nyingine mara kwa mara na kuandika saa hizi iko kwenye fankisheni ipi, yaani kipande kipi cha kodi.

Kumbe gemu lilikuwa linasoma faili la maandishi la megabaiti 10 lenye bidhaa kama 63,000, na kila likitaka kusoma neno moja linahesabu kwanza herufi zote zilizobaki mpaka mwisho wa faili. Ni kama mwenye duka anasoma daftari la madeni, akimaliza mstari mmoja anahesabu kurasa zote zilizobaki ndo asome mstari unaofuata. La pili, kila bidhaa ikiingia kwenye orodha inalinganishwa na zote zilizotangulia moja moja isije ikajirudia, jumla karibu ulinganisho bilioni 2.

Sasa hapa ndo napapenda. Alipima kila dawa peke yake. Akitibu ule ulinganisho tu, dakika 4 na nusu. Akitibu usomaji wa faili tu, dakika 2 na sekunde 50. Vyote pamoja, dakika 1 na sekunde 50. Rockstar wakakubali, wakaweka marekebisho kwenye gemu Machi mwaka huohuo na wakampa dola 10,000. Angebadilisha vitu saba kwa mpigo asingejua kipi kimesaidia na kipi kimeongeza uchafu tu, na mimi naona uchafu mwingi kwenye mifumo yetu umeingia hivyohivyo, mtu kaweka kitu "kiongeze spidi" hakikuongeza, hakuna aliyekitoa.

Kuna hesabu ya Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta, ya mwaka 1967, yeye alikuwa anaongelea kompyuta za prosesa nyingi ila inafaa popote. Ukurasa unachukua sekunde 10, kipande unachokikeshea wiki nzima kinakula nusu sekunde. Hata ukikifanya kiwe sifuri kabisa mtumiaji anasubiri sekunde 9 na nusu. Hatakushukuru.

Kupima kwenyewe nako kuna mitego, na mimi nimenasa. Siku moja nilishangilia mbele ya wenzangu kwamba nimepata spidi nzuri sana, kumbe kipimo cha kwanza laptopu ilikuwa inakula betri na cha pili nilikuwa nimechomeka chaja, laptopu nyingi zikiwa kwenye betri zinapunguza mwendo wa prosesa zenyewe. Joto nalo hivyohivyo, chumba cha Dar mwezi wa pili bila feni na laptopu iko juu ya godoro, prosesa inajipunguza isiungue. Na mara ya kwanza ukisoma faili linatoka diski, mara ya pili liko kwenye memori tayari, ukichanganya hizo mbili unajidanganya mwenyewe. Kwa hiyo funga brauza, chomeka chaja, tupa mizunguko ya mwanzo, rudia mara 20 au 30, chukua namba ya katikati na uandike pia ya chini na ya juu. Kama kodi ileile isiyoguswa inacheza kwa asilimia 5 basi "faida" yako ya asilimia 3 usije nayo kwenye kikao. Ukiona muda umetoka sifuri ujue kompaila, ile programu inayogeuza kodi kuwa maagizo ya prosesa, imegundua matokeo hayatumiki popote ikafuta kazi yote.

Jamaa wa SQLite, ile databesi iliyomo kwenye simu za Android, walilikwepa tatizo la saa kwa kutumia Cachegrind ambayo inahesabu maagizo ya prosesa, ukirudia namba inatoka karibu ileile. Hapo hata nafuu ndogo sana inaonekana. Wakakusanya vinafuu hivyo vingi, toleo la 3.8.7 la mwaka 2014 likawa linafanya kazi asilimia 50 zaidi ya 3.7.17 kwa mizunguko ileile ya prosesa. Ila saa usiitupe, maana maagizo hayakwambii lolote kuhusu kusubiri mtandao.

Sisi kitengoni tuna daftari, la karatasi kabisa. Tarehe, nimedhani nini, nimebadilisha nini, kabla, baada, majaribio ya usahihi yamepita au la. Namba isiposogea, badiliko linarudishwa hata kama kodi ni tamu kuisoma kama shairi, na vijana huwa wananuna hapo.

Na data ya kupimia iwe na ukubwa wa kweli. Ule ulinganisho wa GTA kwa bidhaa 630 ni kama laki mbili tu, kompyuta inamaliza kabla hujapepesa macho, kwa bidhaa 63,000 ndo hizo bilioni 2. Vitu vimeongezeka mara 100, kazi mara 10,000. Kwa hiyo kijana akiniambia kwake mfumo unapaa, swali langu la kwanza ni databesi yako ya majaribio ina wanafunzi wangapi. Juzi mmoja kanijibu 12, na wawili kati yao ni yeye mwenyewe.