Kila udevu wa hindi una punje yake

Kila msimu nikienda mashambani swali ni lilelile, mbona mahindi yangu yana mapengo? Watu wanawaza mbegu mbovu au mbolea, mimi naanza na ndevu, maana kila udevu mmoja ni sehemu ya ua moja la kike na kwa chini umeungana na punje moja tu.

Kazi yangu ni maua, na hili la mahindi silichoki. Ukiliweka ua changa kabisa chini ya maikroskopu, liwe la mbelewele (shada la kiume la kileleni mwa mmea) au la hindi, unakuta lina vinundu vya stameni (sehemu ya kiume inayotoa chavua, ule unga wa kurutubisha) na cha pistili (sehemu ya kike) pia, yaani yote yanaanza na jinsia zote mbili! Baadaye kwenye mbelewele seli za pistili zinajiua zenyewe kwa amri ya jeni inayoitwa ts2 (ikiharibika mbelewele inazaa punje), kwenye hindi zinazodumaa ni stameni.

Pistili inayobaki kwenye hindi ni karpeli tatu (vipande vinavyoijenga) zilizoungana, zinapanda kama ukuta kuizunguka ovuli moja (kijisehemu kinachobeba yai) mpaka zinaifunika, halafu mbili zinarefukaaa hadi zinachungulia nje ya maganda, hizo ndo ndevu. Huku ndani ya ovuli seli moja inagawanyika zinakuwa nne, tatu zinakufa, kiini cha iliyobaki kinagawanyika mara tatu tunapata viini 8. Kimoja ni cha yai, viwili vinakaa seli ya kati. Chavua ikinasa kwenye udevu inashusha mrija wenye mbegu mbili za kiume, moja inarutubisha yai, nyingine inaungana na vile viwili vya kati na hapo ndo inatoka sehemu ya wanga tunayosongea ugali.

Sasa mapengo. Ndevu za punje za chini zinatangulia kutoka, za kileleni zinakuja mwisho, na kurefuka kunataka maji. Jua likikaza ndevu zinachelewa wakati mbelewele inamwaga chavua kama kawaida, zikija kutokeza chavua imeisha, basi pengo linabaki. Ndo maana watafiti wa CIMMYT (kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano) wakitafuta mahindi ya kuvumilia ukame walichagua yale ambayo siku kati ya chavua na ndevu ni chache.

Ukitaka kujua mapema, siku kadhaa baada ya ndevu kutoka chuma hindi moja, limenye taratibu usivute ndevu, kisha litikise. Udevu ambao punje yake imerutubishwa unaachia wenyewe, ambao bado unabaki umeng'ang'ania palepale.