Kilimanjaro haukuwa zawadi, na Wilhelm asingekuwa mfalme wa Waingereza

Jioni moja mjini Moshi, kwenye benchi la muuza kahawa karibu na soko, mzee mmoja alichovya kidole kwenye kikombe chake akachora ramani juu ya ubao. Mstari ulianza baharini ukaja umenyooka. Ulipofika katikati akaukunja, akauzungusha mlima, kisha akaunyoosha tena hadi Ziwa Victoria. "Hapa," akasema akigonga ile kona, "ndipo bibi alipomzawadia mjukuu." Vijana waliokaa naye wakaitikia. Hakuna aliyeuliza bibi yupi, mjukuu yupi, mwaka gani. Mimi nilikuwa nimeshamwamkia, nikanywa kahawa yangu nikanyamaza, maana mtu hamsahihishi mzee mbele ya watoto. Lakini neno lile lilinikaa moyoni. Haya ndiyo niliyotamani kumwambia.

"Malkia Victoria alimpa Kaisari Wilhelm Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa"

Hadithi hii inasimuliwa njia nzima ya Marangu, inasimuliwa kwenye magari ya watalii, hata darasani nimeisikia. Malkia, wanasema, alikuwa na milima miwili yenye theluji, Kenya na Kilimanjaro. Mjukuu wake wa Ujerumani hakuwa na hata mmoja, akalalamika, na bibi akamhurumia.

Tuanze na tarehe. Mpaka ule ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwishoni mwa mwaka 1886. Mwaka huo Kaisari alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89. Wilhelm wa Pili, huyo mjukuu wa Victoria, alikuwa kijana wa miaka 27 asiye na mamlaka yoyote; babu yake alikuwa hai, na baba yake, aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ya kiti, alikuwa hai pia. Kiti alikipata Juni 1888. Hata kama bibi angetaka kutoa mlima, wa kuupokea alikuwa bado hajafika.

Na mlima wenyewe haukuwa mkononi mwa bibi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na akajipatia mikataba ya ardhi upande wa Taveta. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyeona Wazungu wanamzidi mbio, alimtuma Jenerali Mathews, mkuu wa jeshi lake, aje kuwafanya Wamangi, yaani watawala wa Wachaga, wamtambue yeye. Muda mfupi baadaye akaja Mjerumani Carl Jühlke, mwenzake Carl Peters aliyekuwa akiitafutia Ujerumani makoloni, akapata mkataba wake kwa Mangi Rindi wa Moshi. Rindi aliwapokea wote. Alikuwa mwanasiasa hasa, mtu aliyejua kumtumia mgeni wa leo dhidi ya jirani wa jana, na kila mgeni aliondoka akiamini kwamba ameshika mlima.

Kwa hiyo waliokutana mwaka 1886 walikuja na karatasi mkononi. Maelezo ya mpaka walioandika yanafuatika mpaka leo: uanzie mdomo wa mto Umba pwani, unyooke hadi Ziwa Jipe, uzunguke ziwa, uvuke mto Lumi, upite kati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, ufuate miguu ya mlima upande wa kaskazini, halafu unyooke tena hadi Ziwa Victoria, pale nyuzi 1 kusini mwa Ikweta inapogusa ufuko wa mashariki. Kona yote ya yule mzee imo katika maneno hayo, "kati ya Taveta na Wachaga". Wajerumani walikuwa na karatasi ya Moshi, Waingereza walikuwa na ya Taveta na walitaka njia ya Mombasa ibaki kwao. Panda gari pale Himo uende Holili. Mlima utakuwa kushoto kwako, na ukishavuka mpaka, safari fupi tu umeingia Taveta. Hapo utakuwa umesimama mahali ambapo karatasi ya mmoja iliishia na ya mwingine ikaanza.

Kitu cha Kilimanjaro kilichomfikia Kaisari kama zawadi kipo, ila ni jiwe. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, Meyer akakiita kilele kile kwa jina la Kaisari Wilhelm, akachukua kipande cha jiwe akakipeleka kwao, nacho kikawekwa katika jumba la kifalme kule Potsdam. Kilele hicho ndicho tunachokiita Uhuru tangu 1961.

Kinachoniuma katika hadithi ya zawadi ni jinsi inavyomfuta Rindi. Ukiisimulia, hakuna Mchaga hata mmoja ndani yake. Kuna bibi, kuna mjukuu, kuna mlima mtupu.

"Kama mtoto wa kwanza angerithi hata akiwa wa kike, Wilhelm angetawala Uingereza pia, na Vita vya Kwanza vya Dunia visingetokea"

Hii ni ya wasomi zaidi, na ina mvuto, kwa sababu hesabu yake ya kwanza ni sahihi kabisa. Mtoto wa kwanza wa Malkia Victoria alikuwa binti, naye akiitwa Victoria, aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 1840. Kwa karibu mwaka mzima kitoto kile cha kike ndicho kilichokuwa mrithi wa Uingereza. Tarehe 9 Novemba 1841 akazaliwa mdogo wake wa kiume, Edward, na siku hiyohiyo dada akarudishwa nyuma. Binti aliolewa Prussia mwaka 1858, na Januari 1859 akamzaa Wilhelm.

Malkia Victoria alifariki tarehe 22 Januari 1901. Wilhelm alikuwepo pale kisiwani Wight, na inakumbukwa jinsi alivyomshikilia bibi yake kwa mkono wake mzima, kwani wa kushoto uliumia siku alipozaliwa. Edward akawa mfalme. Dada yake, aliyekuwa mgonjwa wa saratani, alifariki tarehe 5 Agosti mwaka huohuo. Kwa sheria ya leo ya Waingereza angekuwa malkia kwa siku 195, na baada yake kiti kingemwangukia Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani.

Sheria hiyo ya leo ilipitishwa mwaka 2013 ikaanza kutumika 2015, na inawahusu tu waliozaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011. Ndiyo maana Charlotte, binti wa Mwanamfalme William, aliyezaliwa 2015, amebaki mbele ya mdogo wake wa kiume Louis, aliyezaliwa 2018. Haimrudishi mtu yeyote wa zamani kwenye foleni.

Sasa twende taratibu. Sisi Uchagani mambo ya urithi tunayajua, kwa sababu kila msiba unayaleta mezani. Kifunguamimba ana sehemu yake, kitindamimba ndiye wa kubaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wanajitafutia, na binti kwa mila zetu kihamba, yaani shamba la ukoo, kinampita. Kila anayekaa katika kikao cha ukoo anajua kwamba binti huozwa kwa hesabu hiyohiyo: anakwenda kujenga kwa watu. Ungemwambia baba tangu mwanzo kwamba huyu binti ndiye wa kushika kihamba, asingemwoza vile, kwa mtu yule, mbali vile. Victoria binti aliozwa Berlin kwa sababu hakuwa wa kurithi London. Angekuwa mrithi, mama yake na mawaziri wasingemkabidhi, akiwa na miaka 17, kwa mtu anayesubiri kiti cha nchi nyingine. Angeolewa kwingine na angezaa watoto wengine. Ukibadilisha sheria ya mwaka 1840, huyo Wilhelm tunayemjua hazaliwi kabisa, na hapo hadithi inakosa mhusika wake mkuu.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa hadithi hii hulipita bila kuligusa, nalo ndilo linalonivutia kuliko yote. Kwa nini sheria ya usawa ianzie 1901? Rudi nyuma kidogo. Mfalme George wa Tatu, aliyepata kiti mwaka 1760 na ambaye zama zake Uingereza ilipoteza Marekani, alizaliwa Juni 1738. Alikuwa na dada, Augusta, aliyezaliwa Agosti 1737. Kwa sheria ya mtoto wa kwanza, kiti kingekuwa cha Augusta na uzao wake. Victoria, mjukuu wa George, angeishi maisha ya mwana wa mfalme asiyejulikana, na ziwa letu lingekuwa na jina jingine. Mtu hawezi kuchagua kizazi kimoja tu cha kukitendea haki halafu vingine akaviacha vilivyo.

Tena kwa Waingereza kiti hakishuki kama kihamba. Bunge ndilo linalosema nani anarithi. Sheria ya mwaka 1701 iliwafungia nje Wakatoliki wote, na mwaka 1714 zaidi ya watu 50 waliokuwa karibu zaidi kwa damu walirukwa ili George wa Hanover aitwe. Mwaka 1936 Bunge hilohilo lilipitisha kuondoka kwa Edward wa Nane kwenye kiti. Sioni Bunge la namna hiyo likikaa kimya mwaka 1901 huku Kaisari wa Ujerumani akivishwa taji London.

Kuhusu vita: udugu ulikuwepo tayari na haukuzuia kitu. Wilhelm na George wa Tano wa Uingereza walikuwa wajukuu wa bibi mmoja, na mke wa Nikolai wa Urusi alikuwa mjukuu wa bibi huyohuyo. Mwishoni mwa Julai 1914 Wilhelm na Nikolai waliandikiana simu za maandishi wakiitana Willy na Nicky, kila mmoja akimsihi mwenzake. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi. Mwezi huohuo Wajerumani waliokuwa huku kwetu waliingia Taveta, na Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliichukua Moshi. Makaburi ya vita yako mjini kwetu, mtu yeyote anaweza kuingia akasoma majina.

"Tanganyika haikuwahi kuwa na malkia baada ya uhuru"

Iliwahi. Kuanzia tarehe 9 Desemba 1961 hadi tarehe 9 Desemba 1962, siku tulipokuwa jamhuri, mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Gavana Jenerali.

"Akibadilika mrithi, mambo yote hubadilika"

Wakati mwingine mrithi anabadilika kwa sababu mambo yameshabadilika. Agosti 1896 Sultani Hamad wa Zanzibar alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia ndani ya jumba akajitangaza. Waingereza hawakumtaka. Tarehe 27 Agosti manowari zao zililipiga jumba lile kwa muda usiofika saa moja, Khalid akakimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Wajerumani, na jioni hiyo Zanzibar ilikuwa na Sultani Hamoud. Damu ya Khalid ilikuwa ya kisultani bila ubishi, lakini swali halikuwa la damu.

Hata kwetu kuna "kama" yetu. Husemwa kwamba Rindi asingefariki mwaka 1891 na kumwachia mwanawe Meli, aliyekuwa kijana, Wajerumani wasingepigana na Wachaga. Lakini walishapigana. Februari 1891, Rindi akiwa hai, Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alimvamia Mangi Sina wa Kibosho, na watu wa Rindi walikuwa upande wa Wajerumani. Urafiki wa Rindi ulimlinda Rindi. Haukuilinda Kibosho, na sioni ungewezaje kuilinda Moshi milele, maana Wajerumani walikuwa wamekuja kutawala, na mtawala hahitaji rafiki mwenye jeshi lake mwenyewe.

Meli alipopata kiti alifanya ambalo halikutarajiwa. Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani na kiongozi wao, von Bülow, akafa. Zaidi ya mwaka mmoja Wajerumani hawakuwa na nguvu Moshi. Agosti 1893 wakarudi na jeshi kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18, wakiwemo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Kaisari siku hiyo alikuwa ndiye Wilhelm wa Pili, na bibi yake alikuwa bado hai.

Kichwa cha Meli kilichukuliwa. Mjukuu wake ametumia miaka mingi kukidai. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanyika Berlin viliwaunganisha baadhi ya marehemu wa Kilimanjaro na Meru na jamaa zao walio hai, lakini Meli hakuwemo kati yao.

Nikimkuta tena yule mzee kwenye benchi nitamwamkia, nitamnunulia kahawa, kisha nimwombe achovye kidole achore ile ramani upya, na hapo kwenye kona, chini kidogo ya mlima, atie nukta ya Old Moshi.