Viambata vya mimea na misuli ya mwenye unene uliokithiri

Wengi hudhani kwamba mtu mwenye unene uliokithiri hawezi kuwa na misuli dhaifu, kwa kuwa mwili wake ni mkubwa. Sivyo: mafuta yanapozidi hupenya hata katikati ya nyuzi za misuli, na tishu za mafuta hutoa kemikali zinazochochea mchochota wa kudumu (uvimbe wa ndani kwa ndani), ambao huipunguzia misuli uwezo wa kuitikia insulini, homoni inayoratibu sukari mwilini, na kujijenga upya. Ndiyo maana mama wa makamo anaweza kushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta, ilhali mizani inaonyesha kuwa kilo zake zinaongezeka.

Baadhi ya mazao ya Nyanda za Juu Kusini yana viambata ambavyo wanasayansi wanavichunguza kuhusiana na tatizo hili. Vitunguu vyekundu, kama vile vya Ruaha Mbuyuni, vina kiambata kiitwacho kwasetini, na kwa kuwa kimejaa zaidi kwenye matabaka ya nje, anayemenya kitunguu na kutupa tabaka la kwanza lenye nyama pamoja na ganda kavu hukipoteza kwa wingi. Maganda ya matufaha, yanayolimwa pia Njombe, yana kiambata kingine, asidi ya ursoliki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta mengi pamoja na asidi hiyo waliongezeka misuli na kunenepa kidogo kuliko wenzao.

Hao ni panya, na ushahidi kwa binadamu bado ni mchache. Kwa hiyo nawasihi wananchi wasikimbilie vidonge na unga vinavyotangazwa kuwa vinayeyusha mafuta. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitahadharisha kwamba virutubisho vya chai ya kijani vyenye miligramu 800 au zaidi za EGCG, aina ya katekini (viambata vya majani ya chai), kwa siku vinaweza kuathiri ini.

Anayepunguza uzito kwa kujinyima chakula tu hupoteza misuli pia, mara nyingi takriban robo ya kilo zilizopungua. Huyo anahitaji maharage, njegere, mayai au dagaa katika kila mlo, pamoja na mazoezi ya nguvu, hata yale ya kuketi na kuinuka kitini mara kadhaa kila siku. Chai ya Mufindi au Rungwe ainywe bila sukari, walau saa moja baada ya kula, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani.