Kwa nini kondo la nyuma la makaku lina visahani viwili?

Ukilitandaza mezani kondo la nyuma la makaku resus, yule tumbili wa Asia ambaye jina lake limebaki kwenye vipimo vya damu vya Resus, utaona visahani viwili vyekundu vilivyoshikana kwa utando mwembamba. Binadamu kwa kawaida ana kimoja. Je, ni mapacha? La. Kijusi ni kimoja na kitovu ni kimoja.

Kisa huanza mimba ikiwa changa mno. Kiinitete cha binadamu hujichimbia ndani ya ukuta wa mji wa mimba hadi kikafunikwa kabisa. Cha makaku hakizami hivyo. Siku ya 9 hivi hunasa kwenye ukuta mmoja na kubaki juu juu, mgongo ukiwa wazi. Sasa, mji wa mimba usio na kitu ndani ni kama mfuko mtupu uliolala: kuta zake zinakaribiana sana. Haupiti muda ule mgongo nao unagusa ukuta wa pili na kuota mizizi huko. Hapo ndipo kisahani cha pili kinapoanzia.

Kinachonishangaza zaidi ni mishipa. Kitovu, chenye ateri mbili na vena moja, kimeshika kwenye kisahani cha kwanza tu. Cha pili kinapataje damu? Mishipa hutoka ukingoni mwa cha kwanza, ikakatiza juu ya utando mtupu hadi ng'ambo. Kwa binadamu, mishipa iliyo wazi namna hiyo ikipita mbele ya mlango wa uzazi, mtoto yuko hatarini wakati wa kuzaliwa. Kwa makaku ndiyo kawaida.

Ndani ya visahani kazi ni ileile ya kwetu: vijitawi vya kondo huoga katika damu ya mama, vikavuta oksijeni na lishe bila damu hizo mbili kuchanganyika.

Basi cha pili ni cha akiba tu? Wapo makaku wachache wasio nacho kabisa, nao huzaliwa wazima. Lakini watafiti walipofunga ile mishipa ya kuunganisha katikati ya mimba, vijusi viliishi kwa kisahani kimoja, ila vilidumaa.

Mimba hukaa siku 165 hivi. Mtoto akishatoka, kondo hufuata, na mara nyingi mama hulila, visahani vyote viwili.