Maji yaliyotulia ndiyo maji ya mamba

"Kaka, tumepata kisiwa kimetulia kabisa, maji hayana hata wimbi, mamba hakuna." Kila kiangazi napata ujumbe wa aina hii kutoka kwa vijana wa Dar wanaojitwisha mabegi na kwenda kulala siku mbili tatu kwenye visiwa vya mto Rufiji. Safari hii umekuja na picha. Hema limepigwa kwenye nyasi fupi za kupendeza, mlango unatazama mto, na pembeni matete yamepasuliwa na njia pana. Mimi ni mwongoza watalii, kazi yangu ni kulaza watu kando ya mto huu na kuwaamsha wakiwa wazima. Imani hii imenichosha.

Vibali navipitia haraka. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Nyerere hulali popote bila kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kwa miguu unatembea na askari mwenye silaha. Ukiwa nje, kuanzia kijiji cha Mloka kushuka mto, anzeni na serikali ya kijiji. Kisiwa mnachokiona kitupu mara nyingi ni dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, au shamba la mlau la mtu, lile linalolimwa maji ya mafuriko yakipungua. Wavuvi hao ndio wa kwanza kuulizwa habari za mto.

Sasa mamba. Mamba ni mwindaji wa kuvizia. Hataki mkondo mkali unaomchosha, anataka maji yaliyolala, yenye kina karibu na ukingo, ambapo anaweza kukaa chini nusu saa na zaidi bila kuonekana. Maji ya Rufiji yana tope. Yakifika magotini tu, humwoni. Kwa hiyo mtu anayeniambia "maji yametulia, hakuna mamba" ananieleza kwa ufasaha kabisa mahali ambapo mamba angependa kuwa.

Ila hata jibu la "mamba wapo" halinitoshi, maana watu wakilisikia wanatazama mto dakika tano, hawaoni kitu, wanaoga. Hatari yenyewe imo kwenye mazoea. Mamba anaweza kwenda siku nyingi bila kula, kwa hiyo ana subira ambayo ninyi hamna. Mnachota maji jioni ya kwanza pale kwenye mteremko mzuri, hakuna kitu. Asubuhi mnachota palepale, saa ileile. Jioni ya pili mtu anasema, "Jana tulioga hapa, pako salama." Sentensi hiyo ndiyo inayonitisha kuliko zote. Chota kwa ndoo yenye kamba, ukiwa juu ya ukingo, na ubadilishe mahali kila mara. Usichutame mtoni kuosha sufuria. Usiku, kabla ya kusogea, mulika maji kwa tochi mkiishika usawa wa macho: macho ya mamba yanarudisha mwanga mwekundu. Usipoyaona, bado usichukulie kwamba hayupo.

Kuna na jambo la mchanga. Wakati wa kiangazi mamba jike hufukia mayai kwenye mchanga mkavu ulioinuka juu ya maji, na hukaa karibu nayo kwa takriban miezi mitatu hadi mvua zinapokaribia na vitoto kuanguliwa. Fungu lile jeupe mnalolipenda kwa picha linaweza kuwa kiota chake. Kabla ya kushusha mzigo, zunguka ukitazama chini. Ukikuta nyayo zenye makucha na mfereji mwembamba wa mkia katikati yake, ukitoka majini kwenda juu, ondokeni.

Kiboko ana alama zake. Zile nyasi fupi kwenye picha hakuna aliyezifyeka. Kiboko hula karibu kilo 40 za majani kwa usiku, na anaporudia mahali pamoja huacha uwanja kama zulia. Ile njia kwenye matete ni yake pia: ina mikondo miwili ya miguu na tuta dogo katikati, na mavi yametapakaa hadi kwenye vichaka. Akishtuka hukimbilia majini, na hema lenu liko kati yake na maji. Ile hesabu ya watu 500 kwa mwaka wanaouawa na viboko Afrika naisikia kila mahali, na sijawahi kuonyeshwa aliyewahesabu, kwa hiyo siitumii kutisha wageni. Moto nao nauwasha kila usiku, lakini siuamini. Nimewaona viboko wakipita karibu na makaa bila kujali.

Zamani kimo cha mto tulikisoma kwa mvua za Kilombero, ambako hutoka zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, maji ya chini yake yanafuata pia mitambo 9 na milango ya bwawa, na kalenda yangu ya miaka yote naiamini nusu tu. Mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti kila mmoja aliyaona. Chomekeni kijiti penye ukingo wa maji jioni, mkitazame kabla ya kulala. Mtumbwi ufungwe kwenye mti, si kwenye kigingi mchangani.

Kwa hiyo mlale wapi? Chini ya miti mikubwa, mahali palipoinuka, mbali na njia ya kiboko na mbali na mchanga mtupu. Mahali pasipo kasoro hapapo; mnachagua kasoro mtakayoimudu.

Mbu mnawajua, bebeni vyandarua. Kichocho ndicho mnachokisahau, na konokono wake hupenda yaleyale maji yaliyolala kwenye majani. Aliyeingia mtoni akapime mkojo na choo baada ya miezi miwili mitatu, hata kama hajisikii vibaya, na amwambie daktari kwamba alioga Rufiji. Dawa ipo, na ni ya kumeza.