Kidonda sugu cha mguu: je, ni dawa ya kukanyaga?

Kuanzia Tukuyu hadi Makambako, wengi huamini kwamba kidonda cha mguu kinachokaa miezi kimetokana na kukanyaga dawa iliyotegwa njiani. Mara nyingi chanzo kiko mwilini: vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) zimeshindwa kurudisha damu juu, au kisukari kimeua hisia za nyayo, mtu akachubuliwa na kokoto ndani ya gambuti siku nzima asijue. Bonyeza juu ya kifundo kwa kidole. Kishimo kikibaki, mguu umevimba maji. Fumba macho, mwenzako akuguse vidole vya mguu taratibu: unahisi? Kapime sukari pia. Kidonda cha vena husaidiwa sana na bandeji ya kubana, ila mtaalamu ahakikishe kwanza damu inafika vizuri unyayoni. Majivu, tafadhali, yasiguse kidonda.