Gari la rimoti la kudrifti: maneno ya watu na mambo ya sakafuni

Mtu akiliona gari dogo la rimoti likidrifti, yaani likiingia kona ubavu ubavu, pua imeelekea ndani na matairi ya mbele yanatazama nje, swali lake huwa moja: "Hiyo mota gani?" Sijawahi kusikia anayeanza na tairi, wala anayeinama kuangalia sakafu. Kumbe mota ni karibu jambo la mwisho.

Ninayoyazungumzia ni magari ya kipimo cha 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari la kweli), yenye upana wa kama sentimita 19 au 20 na uzito wa kilo moja na nusu hivi, yanayosukumwa na matairi ya nyuma peke yake. Mchezo wenyewe umekulia Japani, na ndiyo maana majina ya watengenezaji kama Yokomo, Overdose na Reve D hayakauki midomoni mwa wachezaji. Dhana potofu nazo hazikauki.

"Ili liteleze, punguza mshiko"

Hii ndiyo mama yao. Tena inaonekana ina akili: kuteleza ni kukosa mshiko, basi vaa tairi linaloteleza kama sabuni. Mimi nilianzia hapo hapo. Nilikata vipande vya bomba la maji la plastiki, nikavivisha juu ya matairi ya mpira, nikaliendesha gari kwenye baraza la niru jioni nzima. Gari lilikuwa la kuvuta matairi yote manne, likaserereka vizuri, nikajiona fundi. Nilipopata gari la kusukuma nyuma nikalivisha mabomba yale yale. Likabaki palepale linazungusha matairi kama lori lililokwama topeni. Nikiongeza mafuta (ni umeme, najua, lakini mdomo umeshazoea) mkia unatangulia, gari linatazama lilikotoka.

Gari likiwa ubavu, matairi ya nyuma yana kazi mbili kwa wakati mmoja: yanateleza kwenda pembeni na yanasukuma kwenda mbele. Yakinyimwa mshiko, kazi ya pili inakufa, na drifti bila msukumo ni kuzunguka tu kama pia. Matairi ya drifti ni plastiki ngumu, hilo kweli, ila plastiki zenyewe hazifanani. Lipo tairi la saruji iliyong'arishwa, lipo la zulia, lipo la lami, na ukilipeleka moja kwenye uwanja wa mwenzake gari linakuwa geni mikononi mwako. Ndiyo sababu mashindano mengi huamuru wote watumie tairi la aina moja. Bila hivyo ushindi ungenunuliwa dukani.

Sasa tazama chasi za kisasa zilivyopangwa. Mota imesogezwa nyuma, betri nayo mara nyingi nyuma, springi za nyuma ni laini, matairi ya nyuma yamelazwa kidogo tu ili yakalie sakafu kwa uso mpana. Yote hayo ni kutafuta mshiko. Anayelainisha na kurudisha uzito nyuma hajakosea njia. Anayekaza springi mpaka gari linadunda kama mkokoteni ndiye aliyepotea.

Na usilipime gari kwa tairi lililotoka pakitini leo. Tairi jipya lina ngozi inayong'aa na mstari wa kalibu katikati, linashika hapa na kuachia pale mpaka lisuguliwe. Maliza nalo chaji nzima ya betri bila kugusa bisibisi. Vumbi pia. Setup, yaani mpangilio wa gari, iliyokuwa tamu asubuhi itakuwa chungu mchana baada ya watoto kupita na mchanga miguuni. Fagia, futa matairi kwa kitambaa, ndipo ulaumu springi.

"Jairo ndiyo inayoendesha, wewe umeshika rimoti tu"

Kejeli hii husikika sana kwa waliozoea magari ya mbio. Jairo ni kisanduku kidogo kati ya risiva (kinachopokea amri za rimoti) na servo (mota ndogo inayopindisha matairi ya mbele). Kinapima kasi ambayo gari linajigeuza, kisha kinapeleka matairi ya mbele upande wa pili kabla kidole chako hakijatambua kuwa mkia umetoka.

Je, huo ni udanganyifu? Fikiria gari la kweli. Mkia ukitoka, dereva anausikia kiunoni, na akiulegeza usukani matairi ya mbele hujirudisha yenyewe kuelekea gari linakokwenda, kwa jinsi mhimili ambao matairi hayo hupindia ulivyoinamishwa. Gari la rimoti limenyimwa yote mawili. Wewe umesimama pembeni, kiuno chako hakina habari, na servo imeyashika magurudumu kama koleo, hayawezi kujirudisha. Jairo inakirudisha kile tulichopoteza. Haichagui mstari, haijui kona inaanzia wapi, na kwenye mafuta haina mkono. Mpe rimoti mtu asiyewahi kushika gari hili, jairo ikiwa imewaka, uone kama halitamfia ukutani.

Kinachowatesa wengi ni jairo iliyofungwa kinyume. Niliwahi kumaliza siku mbili nikibadilisha springi, mafuta ya shokapu na kimo cha chasi kutoka sakafuni, gari likigusa kona tu linajipindua mkia. Tatizo lilikuwa swichi moja ya mwelekeo. Tangu siku hiyo nina desturi: nawasha gari, nalinyanyua, kisha naipeleka pua kushoto ghafla kwa mkono. Matairi ya mbele lazima yaruke kwenda kulia, kana kwamba yanakataa kuiacha njia ya mwanzo. Yakifuata kushoto, jairo inalisaidia gari kuanguka. Lakini hakikisha kwanza usukani wa rimoti wenyewe uko sawa, ukipinda kulia yaende kulia, maana ukigeuza kimoja kwa ajili ya kingine utazunguka bila mwisho.

Nguvu ya jairo nayo si ya kujaziwa mpaka juu. Panda kidogo kidogo mpaka matairi ya mbele yaanze kutetemeka gari likiwa limenyooka, halafu rudi chini hatua moja mbili. Hapo pamekutosha.

"Mota kali, drifti kali"

Hapana. Kwenye mota hizi zisizo na brashi, namba ya T (idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota) ikipungua mwendo unaongezeka, na mgeni hukimbilia namba ndogo. Wengi wanaoendesha vizuri wametulia na 10.5T au 13.5T. Unachotafuta ni matairi ya nyuma yazunguke kwa mwendo usiobadilika huku kidole kikiwa katikati ya triga (kitufe cha mwendo kwenye rimoti), uwe na pa kuongeza na pa kupunguza. Mota inayokuruhusu kugusa triga milimita mbili tu kabla gari halijageuka itakufundisha hofu.

"Pembe kubwa ni suala la servo"

Servo ya kasi unaihitaji, jairo haina maana ikiwa servo ni mzembe. Lakini servo haiwezi kuvuka chuma. Pindisha matairi kwa mkono, umeme umezimwa, uone yanagota wapi: kwenye mkono wa chini, kwenye fimbo ya usukani, au kwenye bodi. Magari ya leo hupinda nyuzi 60 na zaidi, na hayo yanatokana na mikono ya mbele iliyochongwa ndani na vifundo (vishikio vya magurudumu ya mbele) vilivyobuniwa upya. Ukilazimisha kwa kuongeza kikomo cha kupinda kwenye rimoti, servo itasukuma isikoweza kwenda, utaisikia inalia, kisha utanusa. Jairo nyingi zina kikomo chake zenyewe, tofauti na cha rimoti, na ndicho kinachosahaulika.

Liko na suala la matairi mawili ya mbele kupinda sawa au tofauti. Gari la barabarani hupindisha la ndani zaidi. Ndiyo pembe ya Ackermann. Kwenye drifti, ukiiacha kubwa, usukani ukifika mwisho tairi moja huburuzwa na gari linapunguza mwendo katikati ya kona bila wewe kuligusa. Wengi huyaweka yapinde karibu sawa.

"Difu iachwe kama ya gari la mbio"

Difu ni gia inayoyaruhusu matairi mawili yazunguke kwa mwendo tofauti. Ya nyuma ifungwe. Matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, basi. Zamani tulizijaza gundi ya epoksi, siku hizi ekseli iliyofungwa inauzwa.

"Matairi manne yakivuta ndiyo drifti ya kuanzia"

Kwa kufurahisha, sawa. Kwa kujifunza, yanakuzoesha vibaya. Gari la manne lenye mgawo sawa mbele na nyuma huvutwa na pua, hivyo unaliendesha likiwa limeelekeza matairi ya mbele ndani ya kona, wakati sura tunayoipenda ni matairi kutazama nje. Watu wakalitatua kwa gia: wakayafanya ya nyuma yazunguke haraka kuliko ya mbele, mara moja na nusu, mara mbili, hata zaidi. Jairo zilipozoeleka, ule mvuto wa mbele ukaonekana mzigo. Chasi kama YD-2 ya Yokomo, ya 2016, ilisaidia kuifanya ya kusukuma nyuma kuwa jambo la kawaida hata kwa mwenye mfuko mwepesi.

"Chukua setup ya bingwa, uifuate"

Karatasi yake ni ya kweli, ila sakafu si yako. Iliandikwa kwa tairi fulani, juu ya zulia au saruji fulani, kwa kidole fulani. Ichukue kama pa kuanzia, kisha badilisha kitu kimoja, endesha dakika tano, andika. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hajui kipi kilimponya.

"Bodi ni urembo"

Hapa nina udhaifu wangu. Bodi ya Toyota Mark II JZX100 ni umbo lile lile la GX100 zilizojaa Dar es Salaam, na hakuna anayepita asitabasamu. Lakini hiyo plastiki ina uzito, na uzito wake uko juu, kwa hiyo taa, spoila na vioo vya kubandika vinalifanya gari lilale zaidi konani. Na mbele pana vita vya nafasi. Ukishaifunga, pindisha usukani mpaka mwisho, kandamiza bonneti kwa kiganja, sikiliza. Ukisikia mkwaruzo, weka alama kwa peni, fungua, punguza kwa mkasi uliopinda, malizia na msasa. Halafu rudia upande wa pili.